Kipokezi cha harufu: anwani au mnyapara? Maelezo mawili ya jinsi neva za pua ya panya zinavyofika ubongoni, na yapi ya kuchagua

Swali lililonifanya niandike haya liliulizwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili, kipindi cha saa nane mchana, nusu ya darasa ikiwa inasinzia. Nilikuwa nimechora ubaoni pua ya panya, ubongo wake, na nyuzi za neva zikitoka huku kwenda kule. Juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: KIPOKEZI NDIYO ANWANI. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama kipokezi ndiyo anwani, kule kwenye ubongo anayeisoma ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia tutalirudia wiki ijayo, kauli ambayo kila mwanafunzi anajua tafsiri yake.

Tangu siku hiyo nimeyapitia upya maelezo mawili ambayo kila anayegusa somo hili hukutana nayo. Ya kwanza yanasema kipokezi cha harufu, yaani protini inayonasa harufu puani, ndicho chenyewe kitambulisho: kimekaa kwenye ncha ya neva, na kwa umbo lake kinaonyesha neva iende wapi. Ya pili yanasema kipokezi ni mnyapara tu. Hakibebi mzigo, kinatoa amri ndani ya seli, na protini nyingine ndizo zinazoongoza njia. Ukifundisha baiolojia, ukiandaa semina au ukiwaandikia watu wasio wa fani, itabidi uchague mojawapo yawe uti wa mgongo, kwa sababu ukiyamimina yote kwa pamoja msikilizaji anaondoka na ukungu kichwani. Mimi nimeshachagua. Nitasema yapi, na nitaonyesha pia yanapopwaya.

Kwanza tusafishe neno moja. Kiswahili kinasema "panya" kwa wawili: yule mdogo wa maabara, mwepesi kuliko yai la kuku, na yule mkubwa wa maghalani. Linda Buck na Richard Axel walipozitangaza jeni za vipokezi vya harufu mwaka 1991, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004, walizipata kwa panya mkubwa. Majaribio nitakayoyapima hapa ni ya panya mdogo. Na wasomaji wa Morogoro najua tayari wanamfikiria panya buku, yule anayefundishwa na APOPO pale SUA kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Huyo ni wa ukoo mwingine kabisa. Tumwache na kazi yake.

Bahati nasibu inayofika palepale

Panya mdogo ana jeni zaidi ya 1,000 zinazofanya kazi ya kutengeneza vipokezi vya harufu. Binadamu ana karibu 400. Tembo wa Afrika ana karibu 2,000, na ukimwona alivyoinua mkonga upepo unapogeuka utaamini anazitumia. Kila seli ya neva kwenye utando wa kunusia, juu kabisa ndani ya pua, huchagua jeni moja tu kati ya hizo zote. Hata hiyo moja, inatumia nakala ya baba au nakala ya mama, si zote mbili.

Eneo la utando seli ilipo linapunguza orodha ya kuchagua. Lakini ndani ya eneo hilo mambo ni ya bahati nasibu: jirani wa kulia amechagua kipokezi kingine, wa kushoto kingine tena. Seli elfu kadhaa zenye kipokezi kimoja zimetawanyika kama choroko zilizomwagikia gunia la mchele.

Sasa kila seli inatoa uzi mmoja mrefu, aksoni. Uzi unapita kwenye mfupa wenye matundu kama chujio na kuingia kwenye balbu ya kunusia, sehemu ya mbele kabisa ya ubongo. Hapo ndipo maajabu yalipo. Nyuzi za seli zenye kipokezi kilekile, zilizoanza safari kila mmoja na kona yake, zinakusanyika kwenye vibonge viwili tu katika kila balbu, kimoja upande wa ndani na kimoja upande wa nje. Vitabuni vinaitwa glomeruli; mimi nitaviita vibonge. Ukimchukua panya mwingine, kibonge cha kipokezi hicho utakikuta karibu mahali palepale.

Jicho halina shida hii. Seli ya retina inajua iko juu au chini, kushoto au kulia, na uzi wake unabeba habari hiyo hadi ubongoni kwa kiwango cha kemikali fulani, wazo ambalo Roger Sperry aliliandika mwaka 1963 na ambalo lilipata protini zake, efrini na vipokezi vyake, katikati ya miaka ya 1990. Jirani jichoni ni jirani ubongoni. Puani seli mbili zinazogusana bega kwa bega zinaweza kupeleka nyuzi zao pande mbili za balbu, na kinachozitofautisha ni kipokezi tu. Kwa hiyo kipokezi lazima kina mkono katika njia ya neva. Hakuna anayebisha hapo. Ugomvi ni mkono wa namna gani.

Panya wa bluu

Pande zote mbili hulitaja jaribio moja kama shahidi wao, kwa hiyo tulitazame kwa karibu. Mwaka 1996, katika maabara ya Axel, Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Peter Mombaerts na wenzake walichukua jeni ya kipokezi kiitwacho P2 wakaiunganisha na jeni nyingine ya kutia rangi. Seli iliyochagua P2 ililazimika kutengeneza pia kimeng'enya cha bakteria kilichofungwa kwenye protini inayosafiri hadi mwisho wa uzi. Ukiweka kemikali yake, seli inageuka bluu kuanzia tumboni hadi kwenye ncha.

Picha zake zinafaa kutazamwa taratibu. Kwenye utando wa pua unaona vidoa vya bluu vimetapakaa ovyo, hakuna mpangilio wowote. Fuata nyuzi kuelekea nyuma: zinakuja moja moja, nyembamba, nyingine zinazunguka kidogo kama mtu aliyepotea mtaa. Halafu zote zinainama kuelekea nukta moja na kuzama humo. Nukta ya bluu iliyokolea, na kuizunguka pote ni weupe wa vibonge vya watu wengine.

Kisha wakafanya ujanja. Kwenye nyumba ya P2, yaani mahali pake kwenye kromosomu, wakaingiza kipokezi kingine, M12. Kama kipokezi hakina kazi, nyuzi zingeenda kibonge cha P2 kama kawaida. Kama kipokezi ndicho kila kitu, zingeenda kibonge cha M12. Hazikwenda kokote kati ya hivyo viwili. Zilikusanyika, tena vizuri, lakini mahali papya.

Ukisoma muhtasari wowote unaosema "jaribio la 1996 lilithibitisha kipokezi ndiyo anwani", jua mwandishi hakufika kwenye sentensi hiyo ya mwisho. Mimi nilikuwa mmoja wao, na kwa miaka miwili nililifundisha hivyo.

Maelezo ya kwanza: anwani

Uzuri wa maelezo haya ni kwamba yanaeleweka kwa pumzi moja. Barua ya kwetu huandikwa S.L.P. na namba, mwenye funguo ya sanduku hilo anaichukua. Kipokezi ni namba, kibonge ni sanduku.

Ushahidi wake si wa kubeza. Mwaka 2004 makundi mawili, mojawapo la Ujerumani, yalionyesha kwa kingamwili kwamba protini ya kipokezi haipo tu kwenye vinyweleo vya pua inakonasa harufu. Ipo pia kwenye ncha ya uzi, ndani ya kibonge. Kabla ya hapo kuna kazi ya 1998 ya maabara ileile ya Axel: jeni ya P2 ikifutwa, nyuzi za seli zilizokuwa zimeichagua hazikusanyiki tena sehemu moja.

Kuna pia ndugu wawili, M71 na M72. Vipokezi hivi vinafanana kwa asilimia 96 ya asidi amino zake, yaani vipande vinavyounda protini, na vibonge vyao ni majirani. Paul Feinstein na Mombaerts walianza kubadilisha asidi amino chache chache kutoka umbo la ndugu mmoja kwenda la mwingine. Badiliko dogo mno lilitosha kuzihamisha nyuzi zikaunda kibonge chao wenyewe. Ukitaka kumshawishi mtu kwamba umbo la kipokezi lina maana, mpe hilo.

Lakini Feinstein na Mombaerts wenyewe hawakutoka hapo na nadharia ya sanduku la posta. Walisema nyuzi zinapangana zenyewe kwa zenyewe: zenye kipokezi kimoja zinashikana, zenye kipokezi tofauti zinaachana, na kibonge kinazaliwa pale kundi lilipotulia. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Haifanani na barua kwenda S.L.P.; inafanana zaidi na umati wa harusini, ambapo hakuna aliyepewa namba ya kiti, ila mwisho wa yote watu wa upande wa bwana harusi wamekaa pamoja.

Jaribio linaloitesa zaidi nadharia ya anwani lilitoka mwaka huohuo wa 2004, katika maabara ya Mombaerts. Kwenye nyumba ya M71 waliingiza kipokezi cha adrenalini cha aina ya beta-2, kilekile kinacholegeza mirija ya mapafu mwenye pumu anapovuta dawa. Hakina uhusiano wowote na harufu. Nyuzi zikakusanyika zikaunda kibonge. Sasa rudi kwa mwanafunzi wangu. Nani ndani ya balbu ya kunusia alikuwa anamsubiri mgeni wa adrenalini? Na hata tukiviacha vipokezi vya kuazima, vipokezi zaidi ya 1,000 vingehitaji wasomaji zaidi ya 1,000, kila mmoja na chake, wamepangwa ndani ya balbu kabla neva hazijafika.

Maelezo ya pili: mnyapara

Haya yalijengwa hasa Chuo Kikuu cha Tokyo, katika maabara ya Hitoshi Sakano. Hoja yake inaanzia ndani ya seli. Kipokezi cha harufu ni cha ukoo wa vipokezi vinavyoshirikiana na protini za G, zile zinazopokea amri ya kipokezi na kuipeleka ndani ya seli. Kikiamka, mashine ya ndani inatengeneza kemikali ya ujumbe iitwayo cAMP. Cha beta-2 nacho ni cha ukoo huohuo na kinaita mashine hiyohiyo, na hapo ndipo yule mgeni wa adrenalini anapoacha kuwa fumbo.

Mwaka 2006 Takeshi Imai, Misao Suzuki na Sakano walitengeneza panya wenye kipokezi I7 kilichoharibiwa mahali pamoja tu: asidi amino tatu zinazoandikwa kwa kifupi DRY ziligeuzwa kuwa RDY. Herufi mbili zimepishana, basi. Umbo la nje limebaki kama lilivyo, ila kipokezi hakiwezi tena kuiita protini ya G. Kama ni anwani, imeandikwa vizuri na barua itafika. Haikufika. Nyuzi zilibaki zimetapakaa upande wa mbele wa balbu bila kukusanyika. Halafu wakaongeza kwenye seli hizohizo protini ya G iliyowashwa muda wote, isiyomsubiri kipokezi. Nyuzi zikakusanyika.

Hapa ndipo nilipobadilisha upande. Anwani ipo, haifanyi kazi. Amri inarudishwa kwa mlango wa nyuma, kazi inaendelea.

Wakaenda mbele. Ishara ikipunguzwa, kibonge kinasogea mbele ya balbu. Ikiongezwa, kinasogea nyuma. Kilichokuwa kinasikiliza ishara ni jeni za protini za kuongoza njia, hasa neuropilini-1. cAMP nyingi huleta neuropilini-1 nyingi, na uzi unaelekea nyuma. cAMP kidogo huleta neuropilini-1 kidogo na pleksini-A1 zaidi, na uzi unabaki mbele. Mwaka 2009 walionyesha kwamba upangaji huu unaanza njiani, ndani ya fungu la nyuzi, kabla hazijaifikia balbu.

Swali la haki linafuata: kipokezi kinaamshwaje kabla panya hajazaliwa, pua ikiwa haijakutana na harufu ya maana? Jibu lilikuja 2013, na ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Kipokezi hakikai kimya hata kikiwa peke yake. Kinatetemeka, kinajiwasha na kujizima bila kuguswa, na kila kipokezi kina kiwango chake cha kutotulia. Seli changa inatumia kiwango hicho, kupitia protini ya Gs, kuamua mbele au nyuma. Seli ikikomaa inahamia protini nyingine ya G, Golf, na sasa harufu yenyewe inaanza kuhesabika. Kumbe tofauti ndogo ya asidi amino kati ya ndugu wawili inaweza kuhamisha nyuzi bila mtu yeyote kulisoma umbo la nje. Inatosha ibadilishe kiwango cha kutotulia.

Kwa wanaopenda kuona vitu vimekaa ubavu kwa ubavu:

| Jaribio | Anwani inatabiri nini | Mnyapara anatabiri nini | Kilichotokea |
|---|---|---|---|
| M12 kwenye nyumba ya P2 | Nyuzi ziende kibonge cha M12 | Mahali papya, kulingana na ishara na eneo la seli | Mahali papya |
| Kipokezi cha beta-2 badala ya M71 | Zipotee, hakuna msomaji | Zikusanyike, ishara ipo | Zilikusanyika |
| I7 yenye DRY iliyogeuzwa RDY | Zifike, umbo halijaguswa | Zishindwe | Zilishindwa |
| Asidi amino chache za M71 na M72 | Zihame | Zihame iwapo ishara imebadilika | Zilihama |

Mstari wa mwisho hauamui chochote, na ndio unaotajwa mno kwenye mihadhara.

Mnyapara anapopwaya

Nisijifanye shabiki. Kiwango cha cAMP ni namba moja, na namba moja inakupa mstari mmoja, kutoka mbele kwenda nyuma. Vipokezi zaidi ya 1,000 haviwezi kutenganishwa kwenye mstari mmoja, majirani wangegongana. Mstari wa juu kwenda chini upo pia, lakini huo hautegemei kipokezi sana. Unategemea mahali seli ilipoketi puani. Nyuzi za sehemu ya juu zinatangulia kufika na zinamwaga kemikali ya kufukuza, semaforini-3F. Zinazokuja nyuma yake zikiwa na neuropilini-2 zinaikwepa na kushuka chini. Waliowahi ndio waliochagua viti.

Kwa hiyo kuna ramani ya jumla, kisha kuna kazi ya mwisho ya kutenganisha jirani na jirani. Kwenye hiyo kazi ya mwisho yale mawazo ya umati wa harusini yanarudi kwa nguvu, ila safari hii yana protini. Mwaka 2006 kundi la Sakano lilionyesha kwamba seli zenye shughuli nyingi za umeme zinatoa kwa wingi Kirrel2, na zenye shughuli kidogo zinatoa Kirrel3. Hizi ni protini za kushikana: mwenye Kirrel2 anamshika mwenye Kirrel2. Sambamba nazo kuna efrini-A5 na mwenzake EphA5, ambao kazi yao ni kusukumana. Shikana na wa kwako, msukume asiye wako. Nyuzi zinachambuka kama mchele na kokoto kwenye ungo.

Na hata hapo, "nyingi au kidogo" haitoshi. Mwaka 2019 kundi la Tokyo lilirudi na jambo jipya: si wingi wa milipuko ya umeme tu unaohesabika, ni mpangilio wake wa muda, kama ngoma. Mapigo yaliyokaribiana, mapigo yaliyoachana, mafungu mafupi, kila mdundo unaita protini zake za kushikana. Kisha mwaka 2022 maabara ya Stavros Lomvardas, Columbia, ikaleta njia ambayo wengi wetu hatukuitarajia. Protini ya kipokezi inapokunjwa ndani ya seli inaileta seli kwenye hali ya msongo, na kila kipokezi kinaleta msongo wa kiwango chake. Seli inakisoma kiwango hicho na kupanga kwacho jeni za kuongoza uzi.

Angalia kinachojirudia. Kutotulia kwa kipokezi, mdundo wa umeme, msongo wa kukunja protini: njia tatu tofauti, na zote zinasema kipokezi kinabadilisha hali ya ndani ya seli, halafu wengine ndio wanaoongoza. Mnyapara anabaki mnyapara. Kilichoongezeka ni idadi ya simu anazotumia kupiga amri.

Usiazime mchoro wa inzi

Tahadhari ya haraka kwa wanaotafuta picha za slaidi. Inzi wa matunda naye ana vibonge, kama 50, na mchoro wake ni safi, rahisi kuchora. Usiuweke kwenye somo la panya. Kwa inzi kipokezi hakiongozi neva: nyuzi zinakuwa zimeshafika kabla vipokezi havijatengenezwa, na ukikitoa kipokezi uzi unafika palepale. Hata kipokezi chenyewe ni mashine nyingine, ni mlango wa chaji unaofunguka, hakitegemei protini ya G. Matokeo ni yaleyale, njia ni tofauti kabisa. Nimeshasahihisha kazi za semina zilizoanza na panya ukurasa wa kwanza na kumalizia na inzi bila mwandishi kujua amevuka mpaka.

Uchague yapi

Kama una kipindi kimoja tu, chagua mnyapara. Anza na panya wa bluu, ukae hapo muda mrefu, useme wazi kwamba nyuzi hazikwenda kwa P2 wala kwa M12. Kisha DRY. Ukimaliza hayo mawili umemaliza kazi. Neuropilini na Kirrel ni za kujazia dakika zilizobaki.

Kama unaandika semina ya wanafunzi wa juu, na hasa kama mada yako ni M71 na M72, usiyatupe maelezo ya kwanza, ila yaite kwa jina lake sahihi. Acha "anwani", sema "kupangana". Tofauti ni kubwa. Anwani inahitaji msomaji upande wa pili. Kupangana kunahitaji wenzako tu.

Kwa gazeti au redio, neno anwani litakuvuta, kwa sababu linaeleweka. Mimi sasa nasema hivi: huku kwetu ukimwelekeza mgeni humpi namba ya nyumba. Unamwambia ashuke kituo fulani, afuate barabara ya vumbi, akifika kwenye mwembe aulizie. Kipokezi ndicho kinachompa mgeni maelekezo asubuhi kabla hajatoka. Hakimsubiri mlangoni.

Kuna kitu kimoja cha kuongeza kwa hadhira yoyote, kwa sababu watu hukiuliza kila mara. Seli za kunusia zinakufa na kuzaliwa upya maisha yote, na kila mpya inabidi ipate njia. Je, inarudia yote haya? Makala mbili za 2014, zilizotoka pamoja kwenye jarida la Science, zilionyesha kwamba ramani inawekwa mapema, mwishoni mwa mimba na kwenye wiki ya kwanza baada ya panya kuzaliwa. Ukiivuruga wakati huo na kuiacha ivurugike, inabaki hivyo. Ukiacha kuivuruga ndani ya wiki hiyo, inajirekebisha. Nyuzi zinazozaliwa baadaye zinafuata njia iliyokwisha kukanyagwa na zilizotangulia.

Yule mwanafunzi nilimrudia, si wiki iliyofuata, lakini nilimrudia. Nikamwambia hakuna anayesoma anwani. Nyuzi zinasomana zenyewe. Akafikiri kidogo, kisha akauliza: "Basi balbu ina kazi gani? Ukiiondoa, zitapangana?"

Safari hii jibu nilikuwa nalo. Kuna panya wenye kasoro kwenye jeni iitwayo Gli3, ambao balbu ya kunusia haiumbiki kabisa. Mwaka 2003 watafiti wa Australia waliwachukua panya hao wakaziangalia nyuzi za P2, zile za bluu. Zilikuwa zimetoka puani, zimefika pasipokuwa na mwenyeji, kwenye donge tu la nyuzi na seli nje ya ubongo, na humo ndani zikawa zimejitenga na nyingine zote na kukusanyika pamoja.